Kuwinda walabi waharibifu Nyuzilandi: mwongozo kamili wa ardhi, bunduki na darubini

Wengi wanaoshindwa kuwinda walabi, mnyama kama kangaruu mdogo, kule South Canterbury hukosea mpangilio. Wananunua bunduki kwanza, wanaongeza darubini ya bei mbaya, halafu ndipo wanaanza kuulizia pa kuwindia. Wenye mashamba wanakataa, msimu unapita, bunduki inalala kabatini. Wengine hupata shamba, lakini mwenyewe anasikia milio kuanzia jioni hadi giza linaingia na asubuhi haoni mzoga hata mmoja. Hao hawaalikwi mara ya pili.

Kwa hiyo hapa ardhi inatangulia na bunduki inafuata. Tunamzungumzia walabi wa Bennett, yule mkubwa anayepatikana Waimate, Hunters Hills na bonde la Hakataramea katika Kisiwa cha Kusini. Dume lake hufika kilo 15 hadi 20. Walabi wa dama wa upande wa Rotorua ni mdogo sana, kilo 4 hadi 7, tena hukaa porini kwenye msitu mzito. Kwake masafa yote yaliyotajwa humu yapunguze.

## Vitu vya kuandaa

- Leseni ya silaha iliyo hai
- Ruhusa ya maandishi ya mwenye ardhi, au kibali cha DOC, idara ya uhifadhi
- Bunduki ya bolti (ya kukoki kwa mkono kila risasi) ya .223 Remington yenye kiwambo cha kupunguza sauti
- Darubini ya bunduki, 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele mm 40) au 4-12x40
- Darubini ya macho mawili, 8x42 au 10x42
- Kipima masafa cha leza
- Risasi 60 za aina moja, uzito mmoja, kutoka kiwanda kimoja
- Miguu miwili ya kuegemeza bunduki, au begi lililojaa vizuri
- Vikinga masikio
- Tochi ya kichwani na betri za akiba
- Kizibao cha rangi ya chungwa kali
- Kisu, glavu za mpira na mifuko
- Kifaa cha kuomba uokoaji cha masafa ya 406 MHz. Mabonde mengi ya huko hayana mtandao wa simu

Kamera ya joto haimo kwenye orodha kwa makusudi. Tutaifikia.

## Hatua ya 1: Leseni

Leseni hutolewa na Te Tari Pūreke, mamlaka ya usalama wa silaha. Umri wa chini ni miaka 16. Utafanya mtihani wa nadharia, mafunzo ya vitendo, watu wanaokufahamu watahojiwa, na nyumba yako itakaguliwa ionekane kabati la silaha limefungwa imara ukutani au sakafuni. Bolti na risasi hufungiwa mbali na bunduki. Bila leseni hata boksi la risasi huuziwi.

Ianze mapema. Mchakato huu huhesabiwa kwa miezi, na aliyehamia karibuni huulizwa pia habari za alikotoka. Wakati unasubiri, sheria inakuruhusu kutumia bunduki chini ya uangalizi wa karibu wa mwenye leseni: yeye awe kando yako, anaweza kukufikia kwa mkono, na yeye mwenyewe asiwe anapiga. Uitumie nafasi hiyo. Msomaji aliyekulia Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, huenda hajawahi kushika bunduki kabisa, na ni afadhali ajifunzie kwa mtu kuliko kwa video.

Bunduki nazo husajiliwa. Daftari la silaha lilifunguliwa Juni 2023, na ukinunua bunduki inaandikwa kwa jina lako.

Ukifaulu utaona: kadi mkononi, kabati limepita ukaguzi, na unazijua kanuni saba za usalama bila kusoma popote. Mkaguzi atakuuliza.

## Hatua ya 2: Jua kama uko ndani au nje ya eneo la udhibiti

Hapa ndipo mwindaji mwenye nia njema huharibu kazi ya miaka.

Canterbury imetenga eneo la kuzuia walabi wasisambae, karibu hekta 900,000, kati ya mto Rangitata upande wa kaskazini na mto Waitaki upande wa kusini. Ndani ya eneo hilo, kila walabi unayempunguza ni faida. Nje yake, usipige. Mpige picha, weka alama ya mahali kwenye simu, kisha toa taarifa kwa reportwallabies.nz.

Sababu yake ni hii. Nje ya eneo wanyama ni wachache na wametawanyika. Ukimpiga mmoja, waliobaki wanashtuka, wanahama na kujificha zaidi. Wataalamu wanaokuja na mbwa waliofunzwa na kamera za kutega wanahitaji wanyama waliotulia mahali pamoja ili wawamalize wote. Walabi mmoja uliyemwangusha amewagharimu wiki za kutafuta wenzake.

Jambo jingine lisilo na mjadala: kumsafirisha, kumfuga au kumwachia walabi hai ni kosa la jinai, hata kama ni mtoto uliyemtoa mfukoni mwa mama yake na unamhurumia.

## Hatua ya 3: Ardhi

Kuna milango mitatu.

Ardhi ya umma ya DOC. Kibali cha maeneo ya wazi ni bure, kinapatikana mtandaoni, na lazima uwe nacho unapowinda. Soma masharti ya eneo lako moja moja, maana yanatofautiana. Yaliyo ya wote: kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na hakuna kuwinda usiku kwa kurunzi wala kwa vifaa vya kuonea gizani. Kwa kuwa walabi ni mnyama wa jioni na usiku, ardhi ya DOC inakubana. Inafaa kwa kujifunza.

Mashamba ya misonobari. Kampuni zinazosimamia misitu hutoa vibali vyake zenyewe, mara nyingi kwa siku maalumu, na hufunga msitu kunapokuwa na ukataji miti au hatari ya moto. Pembe za msitu zinazopakana na malisho ni mahali pazuri sana.

Mashamba binafsi na ranchi za milimani. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nyingi za ranchi hizo ni ardhi ya serikali iliyokodishwa kwa muda mrefu, lakini usidanganyike: aliyekodi ndiye mwenye kauli juu ya nani aingie. Bila ruhusa yake umevamia na unawinda kinyume cha sheria.

Kabla ya kumwendea mwenye shamba, jua anachokitaka. Mpango wa wadudu na wanyama waharibifu wa Canterbury unamlazimu aishushe idadi ya walabi hadi daraja la 3 au chini ya hapo katika kipimo cha Guilford, kinachokadiria wingi wa walabi. Asipofanya hivyo anafuatwa. Na hata bila sheria, walabi watatu wanakula malisho ya kondoo mmoja. Kwa hiyo wewe hujaenda kuomba burudani. Unampunguzia mzigo, mradi usimletee mwingine.

Mizigo anayoiogopa ni hii: geti lililoachwa wazi, kondoo aliyepigwa, gari lililochimba njia yenye matope, wageni watatu ambao hakuwaalika, na moto. Ombi lako lijibu hofu hizo kabla hajazitamka. Andika ujumbe mfupi wenye mambo haya:

1. Jina lako kamili na namba ya leseni.
2. Mtakuwa wangapi. Mara ya kwanza mmoja, wasizidi wawili.
3. Gari gani, namba gani, litaegeshwa wapi.
4. Tarehe mbili anazoweza kuchagua, saa ya kuingia na ya kutoka.
5. Bunduki gani, na kwamba ina kiwambo cha sauti.
6. Kwamba utamtumia idadi na mahali usiku uleule.

Usipige simu wakati wa kuzalisha kondoo. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, na milimani hata Novemba, mwenye shamba hana muda na hataki mtu atembee katikati ya majike wenye watoto. Machi na Aprili nako wawindaji wa paa wanajaa milimani. Mei hadi Julai ndio wakati mzuri wa kubisha hodi: majani yamepungua, walabi wanashuka kwenye malisho, na shamba limetulia.

Akikubali, mwombe akuoneshe kwenye ramani vitu vinne: mipaka, nyumba zote pamoja na za vibarua, mifugo iliko wiki hii, na mahali palipowekwa sumu. Hilo la mwisho watu hulisahau. Ukimla mnyama aliyekula sumu, au mbwa wa shamba akiutafuna mzoga wake, yanayofuata hayana tiba rahisi. Mbwa hufa kwa sumu iitwayo 1080 hata kwa kula mzoga tu.

Ukifaulu utaona: ujumbe wa maandishi kwenye simu yako wenye tarehe na mipaka, na ramani uliyoichora mwenyewe. "Alisema sawa" uliyoambiwa na rafiki si ruhusa.

## Hatua ya 4: Bunduki

Kama ni moja tu, iwe .223 Remington ya bolti. Bunduki kubwa za kujijazia zilipigwa marufuku 2019, na kwa kazi hii huzihitaji.

Sababu za .223 ni za kikazi. Risasi zake ni nafuu, kwa hiyo utafanya mazoezi. Teke lake ni dogo kiasi kwamba unaliona tukio lenyewe ndani ya darubini: amepigwa wapi, ameanguka au amekimbia. Na hadi mita 200 ina nguvu ya kutosha kumuua walabi papo hapo.

.22 LR inafaa karibu tu, ndani ya mita 50, kwa kichwa peke yake. Risasi ya mwendo wa chini ya sauti iliyowekwa ziro mita 50, yaani darubini imerekebishwa igonge palepale unapolenga kwa umbali huo, inashuka karibu sm 8 ifikapo mita 75, na zaidi ya sm 20 ifikapo mita 100. Kichwa cha walabi hakina sentimita hizo. Wanaomjeruhi mnyama na kumpoteza wengi wanatumia .22 kwenye masafa ya kukisia.

.243 Winchester ni nzuri kwa mabonde mapana yenye upepo, ila ni ghali na ina kelele. .17 HMR ni sahihi lakini upepo unaichezea.

Tumia risasi ya gramu 3.2 hadi 3.6, yaani greni 50 hadi 55, yenye ncha laini au ya plastiki inayopanuka. Risasi za kijeshi zenye ganda zima la chuma usizitumie: zinapenya bila kupanuka, mnyama anakwenda kufia mbali, na zikigonga jiwe zinaruka vibaya.

Kiwambo cha sauti ni halali Nyuzilandi, na kwa walabi kinalipa. Hakinyamazishi bunduki, kwa hiyo masikio yakingwe bado. Kinachofanya ni kumfanya mnyama asijue mlio umetoka wapi. Mwenzake anaruka hatua chache, anakaa wima na kugeuka kuangalia. Hapo ndipo unapata wa pili.

## Hatua ya 5: Darubini

Namba kubwa kwenye boksi ndizo zinazowapotosha watu. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji na utapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Lenzi ya mm 40 ikikuza mara 8 inakupa mm 5. Ikikuza mara 16 inakupa mm 2.5. Jioni mboni ya jicho lako imefunguka milimita 5 au zaidi, kwa hiyo kwenye mara 16 unaona giza wakati jirani mwenye 3-9x40 ya kawaida bado anapiga. Na kwa ukuzaji mkubwa eneo unaloliona ni dogo kiasi kwamba mnyama akiruka mara moja umeshampoteza.

Weka mara 4 unapotembea, mara 8 au 9 unapolenga mita 200. Basi.

Fedha iliyobaki iingie kwenye darubini ya macho mawili. Hiyo ndiyo utakayoitumia karibu muda wote. Kutafuta wanyama kwa darubini ya bunduki ni kosa kubwa la usalama, kwa sababu unamwelekezea mtutu kila unachokitazama, pamoja na mchungaji.

Kuhusu kamera ya joto. Inakuonesha kuna mwili wenye joto. Haikuambii ni mwili wa nani. Kondoo, sungura, mbwa, mtoto wa mwenye shamba: wote ni weupe kwenye skrini. Jua likizama, mawe yaliyopigwa na jua mchana kutwa nayo yanang'aa hadi yapoe. Haioni kupitia kioo cha gari. Kwenye shamba binafsi ambako umeruhusiwa kuwinda usiku, itumie kugundua, kisha tambua kwa mwanga na darubini: masikio, mikono mifupi, mkia. Ukikosa kimojawapo, usipige. Kuona macho tu yanawaka kwenye kurunzi si utambuzi; karibu kila mnyama wa shambani macho yake huwaka.

## Hatua ya 6: Kuweka ziro

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoeleza risasi nyingi zinazokosa. Tenga asubuhi nzima isiyo na upepo.

1. Kaza pete na reli. Fuata nguvu aliyoandika mtengenezaji. Skrubu za pete kwa kawaida ni karibu Nm 2. Ukikaza mno unabonyeza mrija wa darubini, ukilegeza inateleza kwa kila risasi.

2. Pima umbali wa jicho ukiwa umelala. Valia koti lilelile la baridi utakalowindia. Isogeze darubini hadi uone duara zima bila kivuli, kisha kaza. Ukipima dukani umesimama na shati, utajikuta unanyoosha shingo mlimani.

3. Chungulia kwenye mtutu. Hakikisha chemba ni tupu, toa bolti, laza bunduki imara kwenye begi, angalia shabaha ya mita 25 kupitia mtutu. Bila kuitikisa bunduki, zungusha vizungushio vya darubini hadi msalaba wa ndani yake uangukie palepale.

4. Piga risasi moja mita 25. Ikigusa karatasi, nenda mita 100. Isipogusa, usiongeze risasi; rudia namba 3.

5. Piga tatu mita 100. Lenga palepale kila mara, usiguse kizungushio katikati. Bunduki iegemee kwenye kitako na sehemu ya mbao ya mbele. Mtutu wenyewe usiguse kitu chochote.

6. Pima katikati ya matundu matatu. Tuseme ni sm 6 chini na sm 3 kushoto. Unataka yawe sm 4 juu ya pointi uliyolenga. Jumla ya kupanda ni sm 10. Darubini nyingi husogeza karibu mm 7 kwa kliki moja ya kizungushio kwenye mita 100, kwa hiyo zungusha kliki 14 juu na 4 kulia. Kama yako imeandikwa 0.1 mil, kliki moja ni sm 1: basi 10 na 3.

7. Acha mtutu upoe, hadi uweze kuushika bila kusikia joto. Mtutu wa moto hupeleka risasi kwingine. Piga tatu tena.

8. Hakikisha mita 200. Usiamini jedwali la boksi. Piga.

Ziro ya sm 4 juu kwenye mita 100 inakupa, kwa .223 ya greni 55, njia hii: sm 4 juu mita 150, katikati mita 200, na karibu sm 9 chini mita 250. Maana yake hadi mita 200 unalenga kifua katikati bila hesabu yoyote. Zaidi ya hapo anayeanza asipige.

Upepo ni habari nyingine. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza risasi hiyo karibu sm 3 mita 100, lakini karibu sm 12 hadi 13 mita 200. Ule upepo wa kaskazini-magharibi unaovuma Canterbury huzidi hapo mara nyingi. Majani marefu yakilala, sogea karibu au rudi nyumbani.

Ukifaulu utaona: matundu matatu ndani ya duara la sm 4 mita 100, mara mbili mfululizo. Ukivua kiwambo cha sauti, ukibadili aina ya risasi au bunduki ikianguka, ziro hiyo haipo tena.

## Hatua ya 7: Kumtafuta

Mchana walabi analala kichakani: kwenye miiba ya matagouri, chini ya mafundo makubwa ya nyasi, ukingoni mwa misonobari. Saa mbili za mwisho kabla ya giza anatoka kula, na saa ya kwanza ya asubuhi anarudi.

Kipindi cha baridi, Juni hadi Agosti, hukaa kuota jua. Na jua la huko adhuhuri liko kaskazini, kwa hiyo tafuta miteremko inayotazama kaskazini. Mtu aliyezoea jua la utosini la pwani yetu hilo humchanganya mwanzoni.

Tembea kando ya ua wa shamba kwanza, mchana, bila kupiga. Chini ya waya utakuta matundu yaliyochimbwa na kusuguliwa hadi udongo umekuwa laini, upana wa kupitisha kichwa na mabega ya mnyama. Chuchumaa uangalie waya wa chini kabisa. Manyoya ya kijivu yenye wekundu yakiwa yamenasa, na kinyesi cha vidonge vya pembe butu kikiwa kibichi na kinang'aa, njia hiyo ilitumika jana. Alama za miguu ya nyuma ni mbili ndefu zilizo sambamba. Tundu lenye utando wa buibui liache.

Weka alama za matundu hayo kwenye ramani ya simu. Jioni kaa mita 100 hadi 150 kutoka tundu lenye pilikapilika, upepo ukikupiga usoni, mahali pa juu unapoangalia chini.

Ukitembea badala ya kuvizia, hatua chache kisha darubini dakika kumi. Angalia kivuli chini ya kila kichaka kabla ya kuangalia uwazi. Ukisikia kishindo cha mguu ardhini, ameshakuona yeye na anawaonya wenzake. Usimkimbilie. Kaa chini na ungoje. Wengi husimama tena kabla ya kutoweka, na mluzi mfupi mara nyingi humsimamisha.

## Hatua ya 8: Kupiga

Fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Tambua mnyama mzima kwa darubini ya macho mawili.
2. Angalia nyuma yake. Pawe na udongo wa mlima. Anayesimama kwenye ukingo wa kilima, mbingu ikiwa nyuma yake, hapigwi kamwe: risasi ya .223 inaweza kwenda zaidi ya kilomita 2.
3. Pima masafa.
4. Lala au keti, egemeza bunduki.
5. Sasa ndipo uingize risasi kwenye chemba. Kabla ya hapo chemba ilikuwa tupu, na kwenye gari magazini pia.
6. Pumua nje, bonyeza polepole, baki ukiangalia ndani ya darubini.

Akiwa ubavu, lenga nyuma kidogo ya mkono wa mbele, theluthi ya kati ya kifua. Akikutazama wima, lenga katikati ya kifua chini ya shingo. Kichwa ni cha masafa mafupi, mnyama akiwa ametulia kabisa. Tumbo ni kubwa na linavutia msalaba. Ndilo linalotoa majeruhi wanaofia kichakani.

Usipige kutoka barabara ya umma wala kuivuka. Mkiwa wawili, mmoja anapiga, mwingine yuko nyuma yake na anaangalia. Usiku kanuni hii haina nafuu: hakuna mtu yeyote mbele ya mtutu, na kila nyumba ya jirani umeiweka alama mchana.

## Hatua ya 9: Baada ya risasi

Koki risasi nyingine na ubaki umelenga kwa dakika moja. Kisha chagua alama nyuma ya mahali alipoanguka, jiwe au mti, maana ukishuka bondeni kila kichaka kitafanana. Kabla ya kutembea, toa risasi chembani.

Mkaribie kwa nyuma. Mguse jicho kwa kijiti kirefu: akipepesa, maliza mara moja kwa risasi ya pili, uangalie mawe yaliyo chini yake.

Kama ni jike, vaa glavu ukague mfuko. Mtoto anakaa humo miezi mingi, na ukimwacha atakufa polepole kwa baridi na njaa. Anapaswa kuuawa papo hapo, kwa pigo moja la nguvu kwenye fuvu. Ni kazi isiyopendeza. Asiyeweza kuifanya asipige majike, ambayo ni sawa na kusema asianze.

Mzoga uende mahali alipotaja mwenye shamba, mbali na maji na mbwa. Unayetaka nyama, iwe umethibitisha hakuna sumu iliyowekwa, na uipoze haraka; mapaja na mgongo ndipo penye nyama. Muislamu amalize suala lake na sheikh kabla ya kwenda, si akiwa amesimama juu ya mzoga.

Usiku huohuo mtumie mwenye shamba: wangapi, madume na majike, mahali kwenye ramani, na chochote ulichokiona kibaya, kama waya uliokatika au kondoo aliyelala chali.

## Yanayokwama mara nyingi

Risasi zinapita juu mita 100 hadi 150. Ziro yako ni ya mita 200 na unalenga kichwa. Shusha hadi shingoni, au lenga kifua.

Ziro ilikuwa sawa juzi, leo imehama. Kagua kiwambo cha sauti kwanza, hulegea kwa mtikisiko wa gari. Pete za darubini zinafuata. Risasi za boksi jipya ni za tatu.

Mnyama alianguka, ulipofika hayupo. Umempiga nyuma mno. Tafuta damu na manyoya kuanzia alama yako kwa mizunguko inayopanuka, ukianzia njia ya kushukia kichaka cha karibu.

Wiki ya kwanza wengi, ya tatu hakuna. Umekaa sehemu moja mno. Pumzisha tundu hilo wiki mbili na uhamie upande mwingine wa shamba. Wale walioshtuka wamehamia usiku wa manane, na hao ni wa kurunzi kama mwenye shamba ameruhusu.

Mwenye shamba hajibu tena. Rudi kwenye mageti uliyopita na uyaangalie.